Maua ya juu ya miti: okidi za misitu ya Kwale

Kule Ulaya, baridi ikiondoka na theluji ikiyeyuka, watu hutoka majumbani wakaenda misituni kutazama maua yaliyochipua. Wana majira yao maalumu ya jambo hilo, na washairi wao hawachoki kuyasifu. Sisi wa Pwani hatuna majira ya namna hiyo. Tuna kaskazi na kusi; tuna masika, ambayo wazee wengi wa hapa huyaita mwaka; tuna vuli; na kusi ikichoka, kabla kaskazi haijashika, tuna demani, wakati ambao upepo hupoa na bahari hutulia. Mtu akiuliza maua ya mwituni huchanua lini, jibu ni kwamba inategemea ni ua gani, limeota wapi, na mvua za mwaka huo zimekujaje.

Hata hivyo maua yapo, na miongoni mwake yamo ya kifalme, ambayo wengi wetu tumezaliwa karibu nayo, tukakua, tukaoa na kuolewa, bila ya kuyatazama hata siku moja. Hayo ni maua ya okidi. Si kwamba hayapo ya kutosha. Ni kwamba sisi hutembea tukiangalia njia, nayo mengi yako juu ya vichwa vyetu.

Ukivuka kivuko cha Likoni ukashika barabara ya Lunga Lunga, utapita Ng'ombeni na Waa. Pale Kombani njia ya kulia hupanda hadi mji wa Kwale na Vilima vya Shimba. Ukinyosha moja kwa moja utafika Tiwi, Ukunda na Diani, kisha Msambweni. Ni kipande kidogo cha nchi, lakini ndani yake mna msitu wa vilimani unaopokea ukungu wa asubuhi, mna vichaka na misitu ya mawe ya matumbawe pembezoni mwa bahari, na mna misitu ya kaya. Kila mmoja una okidi zake. Dunia nzima ina zaidi ya aina 25,000 za okidi. Kenya peke yake ina zaidi ya 250, na Joyce Stewart, bibi aliyezichunguza kwa miaka mingi, alizitolea kitabu kizima mwaka 1996.

SI KIMELEA

Kwanza tuondoe dhana moja. Mtu akiona mmea umeng'ang'ania tawi la mti mwingine, husema, "Huu unamnyonya mwenziwe." La. Okidi hainyonyi mti. Hukaa juu yake kama mgeni aliyekuja na chakula chake mwenyewe. Mizizi yake hushika gome, hunywa umande na maji ya mvua yanayotiririka, na hupata lishe katika majani makavu yanayooza kwenye panda za matawi. Mti hauna hasara yoyote.

Lakini mgeni huyu huchagua sana nyumba. Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi, na haina akiba ya chakula ndani yake kama ilivyo mbegu ya kunde au ya hindi. Tunda moja hupasuka likatoa maelfu kwa maelfu ya mbegu, upepo ukazichukua, na karibu zote zikapotea. Inayoota ni ile iliyobahatika kutua penye kuvu ya aina inayoifaa, maana kuvu hiyo ndiyo inayoinyonyesha mwanzoni, mpaka ipate nguvu ya kujitegemea. Kisha miaka kadhaa hupita kabla ya kuonekana ua la kwanza. Basi mwenye kudhani kwamba akikata mti mkongwe leo na kupanda mche kesho atakuwa amelipa deni, na afikiri tena. Mche utakuwa mti, naam, ila wale waliokuwa wakiishi juu ya mkongwe hawatarudi katika umri wake yeye.

CHUI WA MATAWINI

Okidi iliyo rahisi kuiona ni ile ambayo mabingwa huiita Ansellia africana. Jina hilo lilitokana na John Ansell, mtunza bustani Mwingereza aliyekwenda na msafara wa mto Niger mwaka 1841 na kuikuta katika kisiwa cha Fernando Po, huko Afrika Magharibi. Wazungu wameipa jina jingine la chui, na anayeiona hahitaji kuelezwa kwa nini: maua yake ni ya manjano, yamejaa madoa ya rangi ya kahawia, na hutoka mengi kwa pamoja katika vikonyo virefu vinavyoning'inia. Shina zake ni nene, zimesimama kama fungu la miwa midogo. Hupenda miti mikubwa iliyo wazi kwa jua, na huonekana hata juu ya mikoma.

Ajabu yake iko kwenye mizizi. Mbali na ile inayoshika mti, hutoa mizizi mingine myembamba, migumu, iliyoelekea juu kama miiba ya nungu. Kazi yake ni kudaka majani yanayoanguka kutoka juu. Baada ya miaka, fungu lote huwa kama kapu lililojaa takataka, na katika takataka hizo okidi hujipatia mbolea. Tawi moja laweza kubeba fungu kubwa kuliko pakacha la nazi, na mtu anayepita chini akadhani ni kiota cha ndege fulani.

Ikiwa hiyo ni kubwa na yenye makeke, nyingine ni ya kutafutwa kwa subira. Ziko okidi za jamii ya Microcoelia ambazo hazina majani kabisa. Utaona mizizi mitupu, ya kijivu yenye ukijani, imetatizana kwenye kijitawi kama uzi uliochezewa na paka. Mizizi hiyo ndiyo inayofanya kazi ya majani. Mvua ikinyesha hugeuka kijani. Halafu siku moja hutoka vikonyo vyembamba vyenye viua vyeupe vidogo kama shanga. Anayetembea kwa haraka hawezi kuviona, na ndiyo maana nasema kwamba msitu si mahali pa kwenda na mtu mwenye haraka.

UA LA USIKU

Lakini mwandishi huyu akilazimishwa kuchagua moja tu, atachagua okidi kubwa iotayo juu ya miti na juu ya mawe karibu na pwani, yenye majani marefu mazito yaliyopangwa huku na huku kama upepeo. Mabingwa huiita Angraecum eburneum, na hii ya kwetu wameiongezea jina la giryamae. Naam, ni Wagiriama hao hao. Maua yake hupangana katika kikonyo kirefu. Petali zake ni za kijani hafifu, na mdomo wake ni mpana, mweupe kama pembe ya ndovu, nao umeelekea juu badala ya chini kama ilivyo kwa okidi nyingi.

Mchana ua hili ni zuri na basi. Jua likizama hubadilika. Hutoa harufu tamu, nzito, inayosafiri mbali gizani. Nyuma ya ua uko mrija mwembamba, na asali imewekwa chini kabisa ya mrija. Nyuki hawezi kuifikia. Anayeifikia ni nondo mkubwa wa usiku mwenye mrija wa kunyonyea unaokunjwa kama kamba. Nondo haoni rangi gizani jinsi sisi tunavyoona mchana. Ndiyo maana ua likawa jeupe, na ndiyo maana likangoja usiku kutoa manukato. Akiingiza mrija wake, chavua iliyofungwa kama kifurushi humganda, akaenda nayo kwenye ua jingine.

Habari hii ina kisa chake. Charles Darwin, yule bingwa wa Kiingereza, aliletewa ua la okidi ya Madagaska, binamu wa hii yetu, lenye mrija wa karibu sentimita 30. Mwaka 1862 akaandika kwamba lazima yuko nondo mwenye ulimi wa urefu huo, ingawa hakuna aliyepata kumwona. Wako waliomcheka. Darwin akafa mwaka 1882. Mwaka 1903 nondo wa Madagaska akaandikwa rasmi katika vitabu, na ulimi wake ulikuwa kama alivyosema. Nondo wa ukoo huo huo huruka pia huku kwetu bara.

NANI ALIYETOA MAJINA?

Jina la Wagiriama ni la pekee katika orodha ya okidi za Pwani, kwa maana nyingine nyingi zimebeba majina ya wageni. Iko Aerangis kirkii, okidi ndogo nyeupe ya vichakani, iliyopewa jina la John Kirk, daktari aliyesafiri na Livingstone mto Zambezi, na baadaye akawa balozi wa Uingereza huko Unguja, yeye aliyemsukuma Sultani kutia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa mwaka 1873. Iko yenye jina la Wakefield, mmishenari wa Kimethodisti aliyekuja Ribe mwaka 1862. Iko vanila ya mwituni yenye jina la Roscher, Mjerumani aliyeuawa karibu na Ziwa Nyasa mwaka 1860. Ukisoma majina ya maua haya umesoma nusu ya historia ya wageni wa karne ile.

Nasi je? Neno lenyewe "okidi" ni la kukopa. Wazee waganga na wavunaji wa asali huenda wana majina yao, lakini hayamo kamusini, na yasiyoandikwa husahaulika pamoja na msemaji wake.

Si kwamba watu wa Pwani hawajui maua. Kinyume chake! Nani asiyejua kikuba cha bibi harusi? Nani hajasikia harufu ya asmini, mrehani, mkadi na mlangilangi katika nyumba ya Kiswahili jioni ya Ijumaa? Na hapa upo mfano mzuri. Mkilua ni mti mdogo wa misitu hii hii ya Pwani. Akina mama waliunusa, wakaupenda, wakauleta uani, wakatia vilua katika vikuba na kwenye nywele. Mwaka 1970 bingwa wa mimea Bernard Verdcourt alipotaka kuupa mti huo jina la kitaalamu, hakutafuta jina la balozi wala la mmishenari. Alichukua neno la akina mama kama lilivyo: Mkilua. Leo dunia nzima ya elimu ya mimea husema mkilua.

Okidi haikupata bahati hiyo, na sababu yake naikisia hivi: manukato yake hutoka usiku, mahali ambapo mwanamke wa heshima, na hata mwanamume asiye na shughuli, hakwenda usiku.

VANILA ISIYO NA MAJANI

Turudi kwa yule wa Roscher, maana anastahili. Msambweni na kwingineko kusini, katika vichaka vilivyo nyuma ya mikoko na juu ya mawe makavu, hutambaa mmea wa kijani mnene kama kidole gumba, usio na majani, unaopanda juu ya vichaka kama nyoka. Wakati wa kuchanua, nyoka huyo hutoa maua makubwa meupe, yenye koo la rangi ya waridi au manjano, na harufu nzuri. Ua moja halikai sana.

Huyu ni ndugu wa vanila tunayotia katika keki na aiskrimu. Vanila ya biashara asili yake ni Meksiko, na ilipopelekwa visiwa vya Bahari ya Hindi ilichanua lakini haikuzaa, kwa kuwa wadudu wake walibaki kwao. Aliyefumbua fumbo ni mtoto mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius, wa kisiwa cha Réunion, mwaka 1841: kwa kijiti na kidole gumba aliunganisha sehemu za ua, tunda likashika. Njia yake ndiyo inayotumiwa mpaka leo Madagaska, Uganda na Zanzibar. Yeye mwenyewe alikufa maskini. Ndugu wa mwituni wa Msambweni hana bei sokoni, na kwa hiyo kichaka chake hufyekwa bila ya mtu kuuliza.

KAYA ILIYOYAHIFADHI

Sasa swali: kwa nini bado ziko? Misitu ya Diani imekatwa vipande vipande kwa hoteli, majumba na viwanja. Panapobaki miti kati ya ukuta na ukuta, mbega hupita juu kwa juu, na okidi chache hubaki pamoja nao. Shamba na makaa vimekula sehemu nyingine. Hata hivyo ukiingia Kaya Kinondo, kusini mwa Diani, utakuta miti ya kale imesimama kama ilivyosimama zama za mababu.

Walioihifadhi hawakuwa wakifikiria okidi. Wazee wa Kidigo waliihifadhi kwa sababu ndipo palipokuwa maskani ya wakale wao, ndipo palipozikwa fingo ya kuwalinda, ndipo panapoombwa mvua na afya. Kukata mti ni mwiko. Kuokota kuni ni mwiko. Anayeingia hufungwa kaniki nyeusi kiunoni, akaenda kwa adabu. Kwa miaka mingi wageni wengi walizichukulia amri hizo kuwa ushirikina. Ann Robertson na Quentin Luke walipozunguka misitu ya Pwani katika miaka ya 1980 wakiorodhesha mimea, walikuta kwamba mengi yaliyopotea kwingine yamesalia ndani ya kaya. Mwaka 1992 serikali ilianza kuzitangaza kaya kuwa turathi za taifa, na mwaka 2008 kaya kadhaa za Mijikenda, Kinondo ikiwamo, ziliandikwa katika Urithi wa Dunia.

Tangazo si ukuta. Kisiwani Chale, mahali patakatifu pa Wadigo, hoteli ilijengwa katika miaka ya 1990 juu ya malalamiko ya wazee. Vijana wasio na kazi hawawezi kulishwa kwa mwiko peke yake, na hilo wazee wa Kinondo walilielewa mapema: tangu mwanzo wa miaka ya 2000 wageni huingizwa humo kwa kiingilio, wakiongozwa na wenyeji, na mapato hurudi kijijini. Mimi naona hiyo ni akili kubwa kuliko hotuba nyingi.

VILIMANI SHIMBA

Anayetaka okidi za ardhini na apande Shimba. Msitu huo ulitengwa mwaka 1903, na mwaka 1968 ukawa hifadhi ya wanyama. Wengi huenda kumtazama palahala, ambaye katika Kenya yote hupatikana hapo tu, au ndovu, au maporomoko ya Sheldrick. Maji ya chemchemi za Marere yamewanywesha watu wa Mombasa tangu zama za ukoloni. Kwa hiyo hata asiyependa maua ana deni na msitu huo.

Kati ya msitu na msitu mna mbuga za nyasi. Humo, okidi za jamii ya Eulophia hulala chini ya udongo wakati wa kiangazi, zimejifungia katika viazi vyao. Mvua ikishika, hutoa kikonyo kimoja kirefu katikati ya nyasi, na maua ya manjano au ya zambarau. Palahala hupita kando yake bila ya kugeuza shingo.

Viazi hivyo vina hatari yake. Nyanda za juu kusini mwa Tanzania, huko Makete, viazi vya okidi vimechimbwa kwa mamilioni na kuvushwa Zambia, ambako huchanganywa na karanga kikawa chakula kiitwacho chikanda. Uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, hasa kwa ajili ya maua. Kwale hakuna mlaji wa chikanda. Kwale wako wapenda bustani, wanaomtuma kijana apande mti awaletee fungu la Ansellia kwa bei ya soda chache. Fungu hilo huwekwa kwenye chungu chenye udongo mzito, likamwagiwa maji kila asubuhi kama mchicha, na mizizi yake ikaoza. Okidi zote za mwituni zimo katika mkataba wa dunia unaozuia kuziuza nje bila ya kibali, lakini mkataba hauoni kilichomo uani kwa mtu.

Mwenye hamu ya kweli na anunue kwa mkulima aliyeziotesha. Au avumilie: baada ya tufani, matawi huanguka nje ya hifadhi, barabarani na mashambani, yakiwa na okidi zake. Hizo zikifungwa kwa kamba ya mkonge juu ya mwembe mkongwe, penye kivuli chepesi, bila ya udongo hata chembe, huweza kushika. Zilizo ndani ya kaya na ndani ya hifadhi haziguswi, hata zilizoanguka.

Chukua darubini, kama unayo. Tazama panda za matawi makubwa, kisha upande wa gome unaopata mwanga wa asubuhi. Nenda wiki chache baada ya mvua kuanza, na ukikosa, nenda tena demani.

Tatizo moja limebaki. Lango la Shimba hufungwa jioni, na Kinondo haiingiwi usiku, nalo ua jeupe la Giriama halitoi harufu ila usiku. Limebaki kunuswa katika vile vipande vya msitu vya Diani, juu ya mawe na miti iliyosazwa kati ya nyumba na nyumba. Pengine mabawabu wa usiku, wanaokaa langoni na kurunzi na chai ya tangawizi, ndio wanaoijua harufu hiyo kuliko sisi sote, bila ya kujua inatoka mti gani.